Jani la Chai na Jani la Bangi

Tulipozuru Kericho, katika nchi ya chai iliyotanda mpaka Bomet, kijana mmoja mchuma chai alituuliza baada ya sala: "Sheikh, mchana kutwa mimi huchuma majani mawili na chipukizi lake, watu huyanywa wakachangamka, wala hapana alaumuye. Bangi nayo ni jani, na wataalamu wasema mwilini mwetu mna mahali pa kuipokea. Mbona hili halali na lile haramu?"

Swali hili si la kupuuzwa, wala kijana hakusema uongo. Mwaka wa 1964 Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga ile dutu ya bangi ilevyayo, iitwayo THC. Mwaka wa 1988 vikagunduliwa katika ubongo vitasa ambavyo dutu hiyo huviingia mfano wa ufunguo. Na mwaka wa 1992 ikajulikana kwamba mwili hujitengenezea ufunguo wake wenyewe, anandamidi.

Lakini kitasa hakikutiwa mlangoni kwa ajili ya kila mwenye ufunguo wa bandia. Anandamidi hutolewa kwa kadiri ndogo, panapohitajiwa, kisha huvunjwa upesi. THC huja kwa wingi bila ya kuitwa, na kwa kuwa huyeyuka katika mafuta, hukaa mwilini siku nyingi. Vitasa hivyo vi vingi mahali pa kumbukumbu na pa mizani ya mwendo. Ndipo mvutaji akasahau alilokuwa akilisema, na dakika chache akaziona saa.

Ama chai, kafeini yake huziba vitasa vingine, vya dutu iletayo uchovu. Mnywaji huwa macho, na akili yake i pale pale. Basi majani yote mawili yaingia mwilini, na kuingia si hoja. Hoja ni hii: lamfanya nini aliyepewa amana ya akili? Imam Zarkashi wa madhehebu yetu ya Kishafi alitunga risala juu ya uharamu wa hashishi, yapata zaidi ya miaka 600 sasa, wala hakuwa na habari ya vitasa. Alimtazama mtu aliyelewa, ikamtosha.

Hata hivyo, tusiwadanganye vijana. Tukisema mmea huo hauna faida yo yote, nao wakasoma kwamba mwaka wa 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya kanabidioli, itokayo humo, kwa aina kali za kifafa, watatukadhibisha hata katika haki. Dutu hiyo hailevyi, na tabibu ndiye aipimaye. Mgonjwa ana hukumu yake. Kijana wa miaka 16, ambaye ubongo wake ungali ukijengwa, ana yake.

Tukamjibu: "Mwanangu, wewe walijua jani la kuchuma na la kuacha, na yote ni ya mche mmoja. Akili ndiyo ikupambanuliayo. Usiiuze kwa moshi."

Nasi watu wa pwani, ambao moshi huo umekwisha kuingia vichochoroni mwetu, tujiulize: watoto wetu huwajibu kwa ilimu, au kwa makemeo tu?

Wallahu aalam.