Toba Baada ya Kuanguka

Mtu aliyeapa kuacha pombe, akakaa miezi kadhaa bila kuionja, kisha usiku mmoja akanywa, je, toba yake imebatilika au bado yumo njiani? Swali hili ni la zamani katika elimu ya maadili, lakini katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, haliishii vitabuni, kwa kuwa jibu linalotolewa na msikiti, parokia na jamaa ndilo linaloamua kama mtu huyo kesho yake atarudi kwa watu wake au atarudi kwenye chupa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kudumu katika toba hupimwa kwa wepesi wa kurejea kuliko kwa idadi ya siku zisizo na doa, na kwamba wepesi huo hautegemei nguvu za mtubiaji peke yake.

Kileo kinachowashika wengi ni lutuku, yaani pombe kali ya mahindi na muhogo vilivyochachushwa, ambavyo huchemshwa ndani ya pipa lililozibwa, na mvuke wake ukapitishwa katika bomba linalopozwa kwa maji hadi ukadondoka tone kwa tone. Katika machimbo ya dhahabu ya Kabambare, kama yale ya pande za Namoya na Salamabila, ambako mchimbaji hupata fedha pale tu shimo linapotoa, pombe hiyo na bangi haviko mbali na mahali dhahabu inapouzwa, na hivyo siku ya riziki huwa ndiyo siku ya mtihani.

Uraibu ni hali ya mwili na akili kuzoea kileo hadi mtu ashindwe kukiacha hata anapoona wazi kwamba kinamwangamiza. Mwili uliozoea pombe kwa miaka mingi ukinyimwa ghafla hutetemeka na kukosa usingizi, na katika siku 4 za mwanzo mgonjwa anaweza kupatwa na kifafa au kuweweseka kwa namna inayohatarisha uhai. Kwa sababu hiyo, kumfungia mraibu chumbani na kumwombea, bila kumfikisha kwa mganga wa kituo cha afya, ni kumtwika hatari ambayo dini haikumwamuru mtu yeyote kuibeba.

Wanazuoni walilitambua tatizo la utashi mapema. Augustino, askofu mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alieleza katika kitabu cha nane cha Maungamo jinsi matamanio yanayotiiwa yanavyogeuka mazoea, na mazoea yasiyopingwa yanavyogeuka lazima, hata mtu akawa na nia mbili zinazoshindana ndani yake. Kwa upande wa Uislamu, Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwagawa wenye kutubu katika madaraja manne ndani ya Ihya Ulum al-Din. Wa kwanza hudumu hadi mwisho wa maisha yake. Wa pili hushika yaliyo makubwa lakini huteleza bila kukusudia, na kila akiteleza hujilaumu. Wa tatu husimama kwa muda, kisha matamanio ya dhambi fulani humshinda, ingawa angali anatamani kuiacha. Wa nne hurudia dhambi bila majuto. Mraibu anayepona mara nyingi huwa katika daraja la tatu, na al-Ghazali hakumkatia tamaa mtu wa daraja hilo, bali alimwonya juu ya kuahirisha, yaani kusema atatubu kesho ilhali hana dhamana ya kesho.

Utafiti wa zama hizi umefika karibu na hapo kwa njia nyingine. Mwaka 1985, wanasaikolojia wa Marekani G. Alan Marlatt na Judith Gordon walitofautisha kuteleza mara moja na kurudi kabisa katika ulevi, wakaonyesha kwamba kinachomvusha mtu kutoka la kwanza hadi la pili mara nyingi ni aibu: anayejiona ameshaharibu kila kitu haoni tena sababu ya kuizuia glasi ya pili. Basi hotuba inayomwambia aliyeteleza kwamba amerudi sifuri, hata ikikusudia kumtisha asirudie, humfungulia mlango wa kurudia.

Kurani yenyewe haikuikataza pombe kwa siku moja. Aya ya 219 ya sura ya Al-Baqara ilikiri kwamba imo faida kwa watu, ila dhambi yake ni kubwa zaidi. Aya ya 43 ya An-Nisaa ikakataza kuikaribia sala katika hali ya ulevi, na kwa kuwa sala ni tano, saa za kunywa zikabanwa. Ndipo aya ya 90 ya Al-Maida ikafunga mlango. Hukumu imekamilika na hairudishwi nyuma, lakini malezi yaliyoitangulia yanafundisha kwamba siku yenye mpangilio humlinda mtu mahali ambapo kiapo peke yake hakitoshi.

Ile faida iliyokiriwa ina sura yake Maniema, kwani lutuku hupikwa mara nyingi na akina mama wanaotafuta karo ya watoto, hivyo kishawishi cha mmoja ni chakula cha mwingine. Jamii inayomtaka mraibu asimame imara inadaiwa pia kumtafutia mpishi kazi nyingine. Na kwa mraibu mwenyewe, Kasongo inao mfano wa huduma ya ukaribu na uendelevu: Projet Kasongo, mradi wa afya ya msingi ulioanza miaka ya 1970 kwa ushirikiano na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerpen, ulisimamia wazo kwamba mgonjwa ahudumiwe karibu na kwake, na kituo kinachomjua na kumfuatilia. Anayepona ulevi anahitaji ufuatiliaji huohuo kutoka kwa muuguzi, shehe, padri na ndugu.

Huenda ikadaiwa kwamba huruma ya aina hii hulegeza sheria. Dai hilo husahau masharti ya toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na pale ilipoguswa haki ya mtu, kuirudisha. Mchimbaji aliyekunywa fedha ya karo bado anadaiwa na mtoto wake, na msamaha wa jamii haufuti deni hilo, ila humpa nafasi ya kulilipa. Anayefukuzwa hawezi kulipa chochote. Kumpokea aliyeanguka, mara ya kwanza na hata ya kumi, ni sehemu ya sheria yenyewe, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kumdai mtu wema ila kumwacha awe mahali anapoweza kuutenda.