Uaminifu wa Shabiki na Ujira wa Mchezaji

Katika mji wa Ann Arbor, nchini Marekani, kiko kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan kinachochukua watazamaji zaidi ya 107,000. Mchezo unaowakusanya si kandanda tuijuayo sisi, bali ule wa mpira wenye umbo la yai, unaochukuliwa mikononi. Miongoni mwa watazamaji hao wamo ambao hawakupata kusoma chuoni hapo hata siku moja. Mapenzi yao wameyarithi kwa baba na babu, kama mtu arithivyo shamba.

Mapenzi ya namna hiyo leo yamo katika fadhaa. Kwa miaka mingi Chama cha Taifa cha Michezo ya Vyuo, NCAA, kilishikilia kwamba mchezaji ni mwanafunzi wa ridhaa: apewe masomo, chakula na malazi, lakini asipewe ujira. Kijana wetu Hasheem Thabeet, alipouchezea Chuo Kikuu cha Connecticut mpira wa kikapu hadi 2009, alikuwa chini ya kanuni hiyohiyo. Mwezi Julai 2021 wachezaji wakaruhusiwa kupokea fedha za matangazo kwa majina na sura zao. Tangu Julai 2025, kwa mapatano yaliyoidhinishwa na mahakama, chuo chenyewe chaweza kuwagawia wanamichezo wake fedha hadi kikomo kilichoanzia dola milioni 20.5 hivi kwa mwaka. Uhamisho nao umelegezwa. Zamani aliyehama aghalabu alikaa nje ya uwanja mwaka mzima. Mwaka 2024 kizuizi hicho kiliondolewa kwa wale ambao masomo yao yanakwenda vema.

Shabiki hulalamika kwamba hawajui tena vijana wake. Alizoea kumwona mmoja akija na miaka kumi na minane, mzito wa miguu, akikosea mbele ya umma, kisha mwaka wa nne akiwaongoza wenzake. Hasara hiyo ni ya kweli, wala hatuicheki. Kumtazama mtu akikua ni furaha isiyopatikana kwa kumnunua aliyekwisha kukomaa.

Lakini yafaa tuulize: uaminifu huo ulikuwa wa nani? Mwishoni mwa 2021 Lincoln Riley aliiacha Oklahoma akaenda Southern California, na Brian Kelly akaiacha Notre Dame akaenda Louisiana State. Makocha hawakupata kuwekwa nje mwaka mzima kwa kosa la kuhama. Aliyefungwa mahali pamoja ni kijana asiyelipwa, na kufungwa kwake ndiko tulikokuita moyo wa kupenda chuo. Hatuwezi kumsifu mtu kwa kubaki ilhali mlango umetiwa kufuli.

Tena, malalamiko haya hayatoki pande zote. Mwishoni mwa 2023 Chuo Kikuu cha Indiana, kilichozoea kushindwa, kilimleta kocha Curt Cignetti, naye akaja na wachezaji kadhaa aliokuwa nao James Madison. Mwaka 2024 timu ikaingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya kumtafuta bingwa wa taifa. Sidhani wako wengi pale waliowauliza wageni hao wamekaa chuoni kwa muda gani.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni jingine. Tangu 2021 vimezuka vikundi vya wafadhili vinavyowachangisha mashabiki fedha za kuwalipa wachezaji. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akinunua tikiti na kofia huombwa sasa achangie ujira wenyewe, na mwenye kutoa ujira hupata jicho jipya. Kijana akiangusha mpira, zamani mtazamaji aliona huzuni, kwa kuwa aliyeangusha ni wetu; leo huanza kuhesabu fedha alizotoa. Vyuo vilivyopata mamilioni kwa haki za televisheni vingaliweza kugawana mapema na wachezaji bila kumtia mtazamaji katika hesabu hiyo. Havikutaka, hata mahakama zikavisukuma. Na sasa kijana wa miaka ishirini, aliyepata haki yake kwa kuchelewa, huingia uwanjani mbele ya maelfu ambao baadhi yao hujiona waajiri wake.