Kipya Ndani ya cha Kale

Kama fundi ametengeneza chombo cha kale hata kikarudi kusema kama kilivyosema zamani, na vitu vipya alivyotia ndani yake amevificha visionekane, je, amefanya kazi njema, au amesema uongo kwa mikono yake? Swali hili twataka kulipima leo pamoja na wasomaji wetu. Latoka Marekani, kwa mafundi wanaofufua makabati ya kale yenye televisheni, redio na santuri, nao hawajapatana juu yake. Walakini jawabu lake lafika mbali kuliko makabati hayo, kama tutakavyoona.

Yafaa kwanza tueleze chombo chenyewe, maana si wengi waliokiona. Ni kabati kubwa la mbao lenye milango kama kabati la nguo. Fungua mlango mmoja, utaona kioo cha televisheni. Fungua wa pili, utaona redio na vifungo vyake. Vuta droo iliyo chini, utaona santuri. Chini kabisa mna spika kubwa itumikayo na vyote vitatu.

Desturi ya kuficha mtambo ndani ya samani haikuanza na televisheni. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Marekani ilitoa santuri iitwayo Victrola. Pembe ya kutolea sauti, ambayo katika santuri nyingine ilisimama nje kama ua kubwa, iliingizwa ndani ya kabati, ili chombo kifae kukaa katika chumba cha wageni. Mwaka 1929 kampuni hiyo ilinunuliwa na kampuni ya redio iitwayo RCA. Baada ya Vita Kuu ya Pili, RCA ikaanza tena kuuza televisheni. Na ile ya mwaka 1946 iliyoitwa 630-TS, ya kuweka mezani, ilikuwa na valvu 30 ndani yake, na kioo chake kilikuwa cha inchi 10 tu. Makampuni mengi yakaunganisha televisheni, redio na santuri katika kabati moja, na jamaa iliyoweza kulinunua ililiweka mahali pa heshima nyumbani.

Sasa makabati ya zama hizo yamepita miaka 70. Mengi yalitupwa. Mengine yalitolewa mitambo yake yakageuzwa kuwa makabati ya vinywaji au ya vitabu. Yaliyosalia hukutwa katika ghala, vanishi imepasuka, ubao mwembamba wa juu umebanduka, na nguo ya spika imeliwa na panya. Lakini ugonjwa mkubwa hauonekani kwa nje. Wahenga walisema, Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Ndani mna vitu vidogo vingi viitwavyo kapasita. Kazi ya kapasita ni kuweka umeme kwa kitambo na kuutoa, na kuzuia umeme wa mkondo mmoja huku ikipitisha ule wa kwenda na kurudi. Katika zama hizo nyingi zilifanywa kwa ukanda wa karatasi na ukanda mwembamba wa madini, zikaviringishwa pamoja, zikatiwa katika mwanzi mdogo wa karatasi ngumu, na kuzibwa kwa nta. Miaka ipitapo, karatasi ya ndani huharibika na kunywa unyevu, na umeme uliopasa kuzuiwa huvuja. Basi mtu akilichomeka kabati la namna hii kwa pupa, apate tu kujua kama lafanya kazi, aweza kuunguza valvu na transfoma, hata kuwasha moto nyumbani. Ndiyo sababu fundi mwenye akili halichomeki mara moja. Hukagua kwanza, hubadilisha kapasita mbovu, kisha hulipa umeme kidogo kidogo. Tena hujihadhari kwa ajili ya nafsi yake, kwa kuwa kioo cha televisheni hutumia maelfu ya volti, na umeme waweza kukaa ndani hata baada ya waya kuchomolewa.

Santuri nayo ina udhaifu wake. Gurudumu la mpira lizungushalo sahani hukauka likawa gumu kama mti. Na katika vichwa vingi vya sindano mlikuwa na fuwele ya chumvi ya namna yake, iliyogeuza mtikiso wa sindano kuwa umeme. Nayo huharibiwa na joto na unyevu.

Hapa ndipo ubishi unapoanza. Kapasita mpya ni ndogo kuliko ya kale, na sura yake ni nyingine kabisa. Fundi mmoja huikata ile mbovu na kulehemu mpya mahali pake, wazi, kila afunguaye nyuma ya kabati aione. Fundi wa pili huitoa ile mbovu, huipasha joto hata nta ikayeyuka, huyasukuma nje yaliyomo ndani, kisha hutia kapasita mpya katika mwanzi ule ule wa kale na kuziba kwa nta. Mwanzi warudi mahali pake pamoja na jina la kiwanda na hesabu zake za zamani, na mtu akitazama atasema kwamba hakuna kitu kilichoguswa.

Wa kwanza humwambia wa pili, Wewe wadanganya, maana mwanzi wako wataja kitu kisichomo. Wa pili humjibu, Wewe umetia kiraka chekundu katika kanzu nyeupe, kisha wajisifu kwamba u mkweli. Mimi nimemheshimu aliyekiunda chombo, kwa kuwa nimekirudisha kiwe kama kilivyotoka mikononi mwake.

Sisi twaonaje? Twaona kwamba kila mmoja ameshika kipande cha kweli. Kuficha peke yake si uongo. Akandikaye nyumba huficha fito na kamba, wala hakuna apitaye njiani akasema amedanganywa. Na wale walioliunda kabati tangu mwanzo walificha waya na valvu nyuma ya milango mizuri. Hawakumdanganya mtu, kwa sababu kila anunuaye alijua kwamba ndani mna mtambo. Uongo haukai katika kufunika. Uongo huanza pale mtu mwingine anapoitegemea sura ya nje kwa jambo lake, nawe wajua kwamba sura ile haisemi kweli, ukanyamaza.

Basi tuulize, ni nani aitegemeaye sura ya mwanzi ule? Si mwenye kabati, ikiwa fundi amemweleza aliyoyafanya. Ni watu wawili wasiokuwapo siku ile.

Wa kwanza ni mnunuzi ajaye. Wako watu wapendao vitu vya kale ambao hukithamini zaidi chombo kisichoguswa, na mmoja wao aweza kutoa fedha nyingi akidhani kwamba vyote vilivyomo ni vya asili. Akiuziwa hivyo bila kuambiwa, ameibiwa, hata kama chombo chafanya kazi vizuri.

Wa pili ni fundi atakayelifungua kabati baada ya miaka 30. Yeye atasoma maandiko yaliyo juu ya mwanzi, ataamini kwamba ni wa kale na kwamba umekwisha kuharibika, naye atakata kitu kizima na kupoteza siku yake. Au, na hili ni baya zaidi, ataona kapasita za kale zafanya kazi bila kasoro, atajifunza neno la uongo kwamba za namna ile hudumu, na kesho atachomeka kabati jingine ambalo halikutengenezwa. Moto ukiwaka huko, ni nani aliyeuwasha? Yule aliyenyamaza miaka 30 nyuma ana sehemu yake.

Labda mtu atasema, Wasiokuwapo wana haki gani juu yangu? Kabati ni langu na kazi ni yangu. Twajibu hivi. Kabati lililotengenezwa kabla hujazaliwa lilikufikia kwa sababu wengine walilitunza au hawakulivunja, na likitengenezwa vema litakuwako baada yako. Wewe umelipokea katikati ya njia. Uliyoyakuta ndani yaliweza kusomwa kwa sababu waliotangulia waliacha maandiko ya kweli juu ya kila kapasita na kila valvu. Kama wao walikuandikia kweli wewe ambaye hawakukujua, wawezaje kumnyima ajaye kile ulichopewa bure?

Wengine hupinga kwa njia nyingine. Husema kwamba kabati lililobadilishwa kapasita, valvu na vanishi si lile tena, kwa hiyo hapana haja ya kubishana juu ya ukweli wake. Swali hili ni la kale. Plutarch, mwandishi Myunani, alisimulia habari za merikebu ya Theseus iliyotunzwa na watu wa Athens. Walikuwa wakitoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakabishana, hawa wakisema ni merikebu ile ile, na hawa wakisema ni nyingine. Nasi twalijua jambo hili mashambani. Jembe la baba limebadilishwa mpini mara tatu, na bado twaliita jembe la baba. Ikiwa kazi yake ni kulima, mpini mpya haukuligeuza. Lakini mtu akilileta mbele ya baraza liwe ushahidi wa mti aliopenda baba kuchongea mipini, hapo mpini mpya wageuza kila kitu.

Vivyo hivyo chombo cha kale huulizwa maswali mawili. Tukitaka kukitumia, twauliza, Chafanya kazi? Tukitaka kitupe habari za zamani, twauliza, Yalikuwaje? Kabati laweza kujibu maswali yote mawili kwa haki, mradi fundi asiyachanganye. Shahidi mgonjwa aweza kupewa dawa apate nguvu ya kusema. Asitiwe maneno kinywani.

Tena kuna jambo ambalo ufundi wote hauwezi, nalo pia lapasa kusemwa wazi. Vituo vikubwa vya televisheni vya Marekani viliacha kurusha mawimbi ya namna ya kale tarehe 12 Juni 2009. Basi televisheni ya mwaka 1948, hata ikitengenezwa ikawa kamili, haiwezi kupokea matangazo ya vituo hivyo ila ikiwekewa kifaa cha kuyageuza mawimbi mapya kuwa ya namna ya kale, kama mgeni ahitajiye mkalimani. Redio iliyo kando yake ingali yaweza kupata vituo. Na santuri haimngoji mtu wa mbali, mradi pana sahani ya kuchezwa. Hata sahani za mizunguko 78 kwa dakika alizoimba Siti binti Saad wa Unguja, aliyesafiri kwenda Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri, zingelia katika kabati hilo leo. Ndugu watatu wakaa nyumba moja, na kila mmoja amefikiwa na wakati kwa namna yake. Basi fundi amwambie mwenye kabati habari hii kabla hajapokea fedha yake, maana wako wazee waletao chombo kitengenezwe wakitumaini kurudishiwa jioni za utoto wao. Chombo chaweza kufufuliwa. Jioni zile haziwezi.

Hukumu yetu basi ni hii: fundi na afiche akitaka, lakini na aandike. Na achukue karatasi, aandike tarehe, vitu alivyotoa, vitu alivyotia, na vile ambavyo hakuvigusa, kisha aibandike ndani ya kabati mahali ambapo kila afunguaye ataiona. Watunzaji wa majumba ya makumbusho wana kanuni iliyo karibu na hii: kila badiliko liandikwe, na ikiwezekana liwe la namna iwezayo kuondolewa bila kuharibu cha asili. Kazi hii haigharimu kitu ila dakika chache na moyo usioona haya. Na hapo wale mafundi wawili waweza kupatana, kwa kuwa uzuri wa kazi umehifadhiwa kwa macho, na kweli imehifadhiwa kwa atakayeihitaji.

Nasi tusio na kabati la namna hii tuna kazi iliyo sawa nayo. Wengi miongoni mwetu huandika habari za wazee zisipotee: asili ya ukoo, majina ya waliotangulia, mipaka ya shamba, mwaka wa njaa. Mzee husahau, na masimulizi yake huwa na matundu. Mwandishi huona aibu kuliacha tundu, akalijaza kwa maneno yake mwenyewe, na juu yake akaandika, Hivi ndivyo alivyosema mzee. Huo ndio mwanzi wa kale wenye kitu kipya ndani. Siku wajukuu watakapogombea mpaka, au watakapotafuta jamaa zao waliopotea, watalitegemea neno lile, na mzee hatakuwapo kusema kwamba si lake.

Hatusemi kwamba matundu yasizibwe. Mwandishi mwenye akili aweza kupima majira na majina, akapata lililo karibu na kweli, na kazi yake ikafaa sana. Lakini na aandike kando, Hapa nimejaza mimi, kwa sababu hii na hii. Mstari mmoja watosha. Ajaye atajua lipi alisema mzee na lipi ni la mwandishi, naye ataweza kuamini yote mawili kwa kadiri yapasavyo.