Fimbo Iliyo Nje ya Picha

Fimbo yenyewe ni ya chuma, na urefu wake haufiki kiwiko hadi ncha ya kidole. Kila kiongozi wa wazamiaji anayo, inaning'inia kwenye mkanda. Kazi zake zinazojulikana ni tatu: kuonyeshea, kugongea mtungi wa hewa ili wageni wageuke, na kujishikiza mchangani mkondo ukiwa mkali ili usishike matumbawe. Kazi ya nne haikuandikwa popote.

Nilifanya kazi misimu miwili kwenye boti ya kulala iliyokuwa ikizunguka Pemba. Nikiwaambia vijana wa mtaani kwamba mimi ni mzamiaji walicheka, maana kwetu mzamiaji ni yule anayejificha kwenye meli ili afike Ulaya. Hawa wangu walikuwa wanatoka Ulaya, tena kwa kulipa. Watu kumi, siku saba, mbizi tatu au nne kwa siku. Waliamka wakazama, wakala, wakazama tena, wakalala mchana, wakazama. Usiku walikaa sebuleni na kompyuta zao wakipitia picha, na hapo ndipo ulipojua kilichowaleta. Kamera zilikuwa na meza yao, taulo zao, na ndoo yao ya maji matamu ambayo hakuna aliyethubutu kunawia mikono. Ukutani palibandikwa sheria ya boti: usiguse kitu, usichukue kitu ila picha.

Niliiamini sheria ile. Bado naona ni nzuri kwa sehemu kubwa. Nilichochelewa kukiona ni kwamba inadhani picha haichukui kitu.

Kwanza, picha ya chini ya bahari si kile alichokiona mtu. Ukishuka mita kumi hivi, nyekundu imekwisha. Maji yameimeza, na damu ya kidole kilichokatwa huonekana ya kijani. Mpiga picha hubeba taa mbili kubwa kwenye mikono ya chuma, na zinapomweka kwa sehemu ndogo ya sekunde, zambarau na machungwa hujitokeza mahali ambapo jicho lilikuwa linaona buluu tupu. Mgeni haijui picha yake mpaka aitazame kwenye kioo cha kamera. Sisemi huo ni udanganyifu. Rangi zipo kweli, zinangoja mwanga tu. Lakini ukishazoea kwamba uzuri unaletwa na wewe, kuongeza fimbo si hatua ndefu.

Mgeni ninayemkumbuka zaidi alikuwa mama mmoja wa Kijerumani, daktari wa meno mstaafu, mpole, aliyejifunza kusema "ahsante sana" na akaisema kwa kila mtu hadi kwa fundi wa injini. Usiku wa pili mpishi alitupikia pweza wa nazi. Yeye alisogeza sahani pembeni bila makuu. Nilipomuuliza kama chakula kina tatizo, akasema hapana, ila hawezi kumla kiumbe mwenye akili kiasi kile. Akatueleza mambo ambayo mimi, mtoto wa pwani, sikuyajua: kwamba pweza ana mioyo mitatu, damu yake ni ya buluu, na sehemu kubwa ya mishipa yake ya fahamu iko mikononi, si kichwani. Wapishi walimsikiliza kwa adabu. Mimi nilikula sahani yangu nikiwa na haya kidogo.

Asubuhi yake tulizama Misali. Kisiwa hicho wazee hukihusisha na mswala: wanasimulia kuwa Nabii Khidhri alipofika akaomba mswala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema basi kisiwa hiki, kilivyoelekea, ni mfano wa mswala. Tangu mwaka 1998 ni eneo la hifadhi, na upande wa magharibi uvuvi hauruhusiwi kabisa. Kuzama kunaruhusiwa ukilipa. Ndiyo maana mwamba wa pale umejaa samaki, na ndiyo maana tunapeleka wageni pale na si kwingine.

Kwenye mita kumi na mbili nilimwona pweza. Au tuseme niliona mlango wake: tundu kwenye mwamba, mawe madogo yamepangwa mbele, na jicho moja nyuma ya mawe. Nikamwonyesha daktari. Akapiga picha tatu za jicho. Kisha akanigeukia, akageuza kiganja juu, akakunja vidole mara mbili. Njoo. Hakuwa ananiita mimi.

Ningeweza kujifanya sikuelewa. Chini ya maji ni rahisi sana kutoelewa. Lakini bakshishi ya wiki hutolewa siku ya mwisho, kwa bahasha, na kila kiongozi anajua bahasha hujazwa na picha gani. Nikaingiza fimbo pembeni mwa mawe, taratibu, kama nilivyomwona mama yangu akifanya maelfu ya mara. Jiwe la kwanza likaanguka. La pili alilishika kwa mkono mmoja akalivuta kwa ndani. Nikasukuma. Akatoka.

Alipotoka alijitanua wote, ngozi baina ya mikono ikawa nyeupe kama karatasi, macho yakazungukwa na weusi, akasimama hivyo mbele ya kamera. Taa zikamweka, zikamweka, zikamweka. Jioni sebuleni watu walipiga makofi. Mmoja akasema pweza alikuwa anacheza. Mimi nilijua, na nadhani daktari naye alijua, kwamba pweza anapojitanua akawa mweupe vile anajaribu kumtisha anayemtisha. Picha nzuri kuliko zote za safari ile ilikuwa picha ya hofu.

Mchana tulipita tena mwamba uleule. Mawe yalikuwa yametawanyika na tundu liko kimya. Nilikuwa na tochi. Sikumulika ndani.

Bahasha yangu ilikuwa nene, kuliko alizopata mama kwa bamvua nzima.

Miezi miwili baadaye daktari alinitumia ile picha kwa simu, nikiwa nyumbani. Mama yangu amechokoa pweza tangu kabla sijazaliwa. Bahari ya bamvua inapokupwa sana, yeye na wenzake hutembea mwambani na mkonjo, wanatazama mashimo ambayo mimi na wewe tungeyapita. Nilimpa simu nikitaka, naona aibu kusema, asifie.

"Umemtoaje?" akauliza.

"Kwa fimbo."

"Mawe yake alikuwa ameyaweka nje, au ameyavuta kwa ndani?"

"Ameyavuta kwa ndani, mama."

"Basi alikuwa ameatamia huyo."

Pweza jike hutaga mara moja. Hutundika mayai kwenye dari la shimo, huziba mlango, hakai kula tena. Hukaa akiyapulizia maji mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Maisha yake yote hayazidi sana mwaka mmoja. Mama hakunieleza haya, aliyajua kwa namna nyingine. Mimi nikajitetea kwa kumgeukia yeye.

"Wewe ungemkuta, usingemchukua?"

"Ningemchukua, nisikudanganye. Siku nyingine ningemwacha, kutegemea nyumbani kuna nini."

"Sasa kosa langu liko wapi? Mimi sikumuua."

Akanirudishia simu. "Mimi nikimtoa, najua nimemtoa. Wewe, mwanangu, umemtoa au hujamtoa?"

Nimelifikiria swali hilo zaidi ya nilivyofikiria kitu chochote chuoni. Jeremy Bentham, katika kitabu chake cha 1789, alisema swali la kuuliza kuhusu wanyama si kama wana akili au wanasema, bali kama wanaumia. Uingereza mwaka 2022 ilipitisha sheria inayomhesabu pweza miongoni mwa viumbe wenye hisia. Kwa kipimo hicho mama yangu ndiye mkosaji mkubwa: yeye huua, mimi nilisumbua tu. Na sheria ya Misali imekaa upande huohuo. Mkonjo wake ukionekana pale ni kosa, fimbo yangu ni kifaa cha kazi.

Lakini kipimo cha maumivu hakinitoshelezi, wala si kwa sababu ni mama yangu. Kinachotofautiana ni nani anabeba jina la kitendo. Mama ana haja, na haja yake inaonekana: iko kapuni, inapigwa jiweni ilainike, inaingia chunguni. Yeyote mwenye kutaka kumlaumu anajua pa kuanzia. Sisi tulitaka kitu kilekile, pweza nje ya shimo, ila tulitaka pia tusiwe tumemtoa. Daktari alitaka picha ya mnyama aliye huru. Mimi nilitaka bahasha bila kuitwa mvuvi. Kwa hiyo fimbo ikabaki nje ya fremu, na picha ikasema: hakukuwa na mtu hapa.

(Kiswahili kinatusuta kidogo hapa. Hatuchukui picha, tunaipiga. Lakini tunapiga pia simu, pasi na hodi, kwa hiyo sitaki kulivuta neno hilo mbali.)

Kuna hoja ya upande wa pili, na daktari mwenyewe aliniandikia nilipomweleza habari ya mayai. Alisikitika kweli. Kisha akasema watu mia kadhaa waliiona picha ile, na mtu hulinda anachokipenda, na hupenda alichokiona. Siwezi kuipuuza hoja hiyo. Hifadhi inaendeshwa pia na ada za wageni, na wageni huja kwa sababu ya picha. Huenda pweza mmoja amewalinda pweza mia. Ila naona hesabu hiyo hufanywa kila mara na aliyekwisha kupata picha. Na kama watu wale wanakipenda walichokiona, wanampenda pweza anayesimama wazi mchana akijitanua mbele ya mtu, yaani wanampenda mnyama ambaye hayupo. Wakija Misali watamtaka huyohuyo, na kutakuwa na kijana mwenye fimbo wa kuwaletea.

Msimu wa pili niliamua kutochokoa. Haukuwa ushujaa, niliwaambia wageni tu kwamba tukingoja dakika kumi bila kusogea, anaweza kutoka mwenyewe. Mara mbili alitoka. Mara nyingi hewa iliisha kabla. Mgeni mmoja alihamia kundi la mwenzangu siku ya tatu, na mwenzangu akaanza kuniita mufti wa pweza, jina lililonifuata hadi bandarini Wesha. Bahasha zilipungua. Sikumlaumu mwenzangu, ana watoto watatu, na haja yake inaonekana kama ya mama.

Ile picha sijaifuta. Nimejaribu mara moja, kidole kikiwa juu ya kitufe, nikaishia kuitazama. Ni nzuri mno.

Fimbo nilimpa mama nilipoacha kazi. Aliipima kwa mkono, akaikunja kidogo kwenye goti kuona ugumu wake, akasema ni fupi, haifiki popote, akaitia jikoni ya kuchochea kuni.