Chemosit Ameingia Simuni

Wajukuu wangu mnaorekodi video hapa mjini Eldoret, malalamiko yenu nimeyasikia. Mkiweka habari ya mwanariadha aliyerudi na medali, watazamaji ni haba. Mkiweka ya aliyeuawa, simu hailali. Halafu mnasema watu siku hizi wana roho mbaya.

Hapana. Sisi tuliokulia Nandi tulilala tukimwogopa Chemosit, nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Nyanya akianza hadithi ya mambo matamu, tulimkatiza: tuambie ya Chemosit! Mtoto hupenda kuijua hatari akiwa bado salama, kando ya moto, ameegemea mtu mzima. Na mtu mzima naye hajaliacha hilo. Akifungua habari ya kifo anajiuliza ilianzaje, na kama yeye angeziona dalili. Lakini nyanya hakutulaza kabla hatujajua yule mtoto wa hadithini alikimbilia kwa nani.

Hapo ndipo ninapowagombeza. Septemba 2021 Agnes Tirop alikimbia kilomita 10 kule Ujerumani kwa dakika 30 na sekunde 1, rekodi ya dunia ya mbio za wanawake pekee. Mwezi uliofuata aliuawa kwa kisu nyumbani Iten, akiwa na miaka 25. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels, shirika la kuwasaidia wanawake wanaoteswa. Katika video zenu kisu kinarudiwa na kurudiwa, shirika halitajwi. Msichana anayepigwa usiku huu ameitazama video yenu hadi mwisho na bado hajui aende wapi.

Septemba 2024 akaja Rebecca Cheptegei, Mganda aliyetoka kukimbia Olimpiki ya Paris. Alichomwa moto Trans Nzoia, akafia hospitali ya Moi, hapa hapa mjini kwetu. Aliacha mabinti. Siku moja watalitafuta jina la mama yao kwenye simu, na watakachokuta ni kile mlichokiweka ninyi, muziki wa kutisha na yote.

Kuhusu habari njema, msiwasingizie watu. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge akiwa Vienna akijaribu kukimbia marathoni chini ya saa mbili, watu walijaa barabarani hapa Eldoret mbele ya skrini kubwa mpaka alipomaliza kwa 1:59:40. Hakuna aliyekufa katika hadithi ile. Kilichowashika ni kwamba angeweza kushindwa: mwaka 2017, kule Monza, saa mbili zilikuwa zimempita kwa sekunde 25. Kila mtu pale barabarani aliijua hesabu hiyo, na kila kilomita ilikuwa na hofu yake.

Ninyi habari njema mnaianzia kwenye medali. Mtu anatabasamu na bendera mabegani, kisha anamshukuru Mungu na kocha. Nani atakaa kutazama, na mambo yamekwisha kabla hayajaanza? (Harusi tu ndiyo huvumiliwa hivyo, kwa sababu kuna chakula.) Goti lililovimba liko wapi? Nauli aliyokopa? Baba aliyemwambia auze viatu arudi shambani?

Basi kabla hamjarekodi kifo kingine, pandeni matatu mwende Kaptagat, wakimbiaji wanakofanyia mazoezi. Mtafuteni kijana ambaye hajashinda mbio hata moja, mwombeni ruhusa, mfuateni mwaka mzima. Akikosa, mtuonyeshe hivyo hivyo.