Je, Askari Kutibiwa Ulevi ni Aibu?

Tumeulizwa juu ya askari wa Bomet, kwenye mashamba ya chai, aliyerudi Somalia akazama katika chang'aa: akienda kutibiwa, amejivunjia heshima? Twajibu: la. Tangu majeshi ya Kenya yalipovuka mpaka Oktoba 2011, wako waliorudi wazima wa viungo lakini usingizi umewakimbia. Naye asiyelala hunywa apate kulala. Kosa la kunywa ni lake, hatulifuti. Lakini aliyevunjika mguu vitani, nani humlaumu kwa kwenda hospitali? Wengine wasema afiche, asije akafukuzwa kazi. Haya, na bunduki iliyo mkononi mwake nani ataificha? Nasi watu wa pwani tusimcheke wa bara: Malindi wana wetu walioshikwa na unga wapewa methadoni tangu 2015.