Wema Usio na Maarifa

Ninaishi Bujumbura, karibu na Ziwa Tanganyika, lakini nilitaka kipande cha ziwa kiwe nyumbani. Nilipata tangi la kioo na samaki sita wadogo, wa aina inayojificha ndani ya maganda matupu ya konokono. Niliwachagua kwa uzuri wao. Sikuuliza wanahitaji nini.

Niliwalisha kila nilipopita. Maji yalipoingia ukungu, niliyamwaga yote, nikasugua mchanga na vioo, nikajaza maji ya bomba. Baada ya siku mbili wote walikufa.

Baadaye nilijifunza kwamba kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa mchangani ndio huigeuza isiwadhuru samaki, nao huhitaji wiki kadhaa kuongezeka. Mimi niliwaondoa kwa kusugua.

Kaka yangu alinifariji: "Mdogo wangu, hukukusudia." Ni kweli. Je, nia njema yatosha? Naona haitoshi. Samaki wa ziwani akiona maji mabaya huhama. Niliyemfungia kwenye kioo nimemnyang'anya uwezo huo, basi kujua mahitaji yake ni deni langu, na deni hilo hutangulia mapenzi. Nilikuwa na muda wa kuuliza. Niliutumia kutazama rangi.

Sasa tangi lina maji bila samaki. Kila siku natia punje chache za chakula, ili bakteria wakue. Wageni huuliza ninamlisha nani. Huwajibu kwamba ninajifunza kungoja.